Majina ya wafu wote yasomwe

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Bukavu. Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu barua ya msomaji mmoja, mtumishi wa Mungu kama alivyojitambulisha mwenyewe, ambaye aliandika majuma machache yaliyopita kwamba Mkristo wa Kivu wa leo hana sababu ya kuhangaika na haki za binadamu, kwa kuwa nchi imevamiwa, na watu waliovamiwa wana kazi moja tu, nayo ni kushinda. Haki, alisema, zitafuata vita vikiisha. Akaitia nguvu hoja yake kwa kisa cha Sauli, mfalme aliyekataliwa na Mungu kwa sababu hakuwamaliza Waamaleki wote kama alivyoagizwa. Mwishoni akaongeza kwamba neno lenyewe, haki za binadamu, ni la Wazungu na mashirika yao, wala halimo katika Biblia.

Niliisoma barua hiyo peke yangu, kisha nikamsomea mke wangu kwa sauti, kwa maana maneno yake si mageni kwetu. Ndiyo maneno ninayoyasikia kwenye foleni ya maji, ndani ya teksi za kupanda Kadutu, na, nalisema hili kwa uchungu, hata uani kwa kanisa watu wanapoagana baada ya Misa. Mimi ni mwalimu mstaafu na kwa miaka mingi nimekuwa katibu wa shirika letu la mtaani, yaani jumuiya ndogo ya waamini. Nimekuwa hapa Bukavu katika vita vya 1996, katika vita vya 1998, katika siku za Juni 2004, na nipo tangu Februari 2025, mji ulipochukuliwa na waasi wa AFC/M23. Simjibu ndugu huyu kama mtu aliyekaa mbali na risasi.

Nianze na pale ninapokubaliana naye. Nchi yetu imevamiwa, na sitazunguka maneno. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza katika ripoti zao, moja baada ya nyingine, msaada ambao jeshi la Rwanda limewapa M23, na Azimio 2773 la Baraza la Usalama, la tarehe 21 Februari 2025, liliitaka Rwanda iache msaada huo na iondoe askari wake katika ardhi ya Kongo. Mtu anayelinda nyumba yake hatendi dhambi kwa kuilinda, na kijana aliyevaa sare ya jeshi la taifa akaenda Kalehe kuzuia njia ya kuja Bukavu hakuuacha ubatizo wake mlangoni pa kambi.

Wako Wakristo ambao hata hapo hawakubali. Tertulliani wa Karthago alifundisha kwamba Bwana, alipomnyang'anya Petro upanga, alimvua silaha kila askari. Maksimiliani, kijana wa miaka 21, aliuawa mwaka 295 huko Tebessa, katika Algeria ya leo, kwa sababu alikataa kuvishwa alama ya jeshi shingoni. Wamenoni, ambao katika Kongo yetu wako wengi pande za Kasai, bado wanayashika mafundisho hayo. Nawaheshimu, na kuna usiku nimejiuliza kama si wao walio karibu zaidi na Injili. Lakini sitawategemea hapa, maana ndugu yetu angesema kwamba hao hawajui vita. Nitawategemea wale walioiruhusu silaha, kwa kuwa hata hao hawakuruhusu anachokiruhusu yeye.

Mkubwa wao ni Augustino, Mwafrika mwenzetu, askofu wa Hipo. Huyu hakuandika kuhusu vita kutoka mahali pa utulivu: alikufa Agosti 430 wakati Wavandali wameuzingira mji wake, na wakimbizi wamejaa ndani ya kuta, jambo ambalo msomaji wa Goma au wa Bukavu halihitaji kuelezewa. Miaka kadhaa kabla ya hapo jemadari mmoja wa Kirumi, Bonifasi, alitaka kujua kama mtu mwenye silaha anaweza kumpendeza Mungu. Augustino akamjibu kwamba anaweza, kisha akamwekea mipaka. Vita viwe vya kulazimika, visiwe vya kutamaniwa. Mtu hatafuti amani ili apate vita, bali anaingia vitani ili amani ipatikane, na hata akiwa vitani awe mpatanishi. Ahadi itimizwe hata kwa adui ambaye unapigana naye. Na kama nguvu inatumika juu ya yule anayeshika silaha na kupinga, huruma ni haki ya yule aliyekwisha kushindwa au kutekwa.

Hebu tulisome tena hilo la mwisho, kwa maana liliandikwa karne kumi na tano kabla ya Mikataba ya Geneva. Augustino hasemi kwamba huruma ni zawadi ambayo mshindi anaweza kuitoa au kuinyima kadiri ya moyo wake. Mateka anaidai. Na hasemi idaiwe baada ya vita, kwa kuwa baada ya vita hakuna tena mateka. Anasema sasa, siku ileile, mikono ya mtu ikiwa bado na vumbi la mapigano. Tomaso wa Akwino, aliyekuja miaka mia nane baadaye, alilipanga fundisho hilo vizuri zaidi (mamlaka halali, sababu ya haki, nia njema), lakini mzizi ni huo wa Hipo, na yeyote anayetaka kuvitetea vita kwa jina la Kanisa anapaswa kuuchukua mzizi pamoja na mipaka yake.

Kuna neno jingine la Augustino ambalo limenisaidia sana tangu mwaka jana. Karibu na mwisho wa maisha yake alimwandikia Dario, mjumbe aliyetumwa kutoka ikulu kutafuta suluhu katika Afrika, akamwambia kwamba kuviua vita vyenyewe kwa neno ni utukufu mkubwa kuliko kuwaua watu kwa upanga. Nililikumbuka Februari 2025, viongozi wa Baraza la Maaskofu Katoliki, CENCO, na wa Kanisa la Kristo katika Kongo, ECC, walipokwenda Goma kuzungumza na AFC/M23, kisha wakafika Kigali, katika ile kazi yao ya Mapatano ya Kijamii kwa ajili ya Amani. Wengi waliwatukana. Waliitwa wasaliti, na baadhi ya waliowaita hivyo walikuwa wamepokea komunyo Jumapili ile. Sisemi kwamba kila hatua yao ilikuwa sahihi, na mtu ana haki ya kupima kama walidanganywa au la. Lakini kumwendea adui na kumwambia ana kwa ana kwamba damu inatosha ni kazi ya Dario, na askofu mwenye jina kubwa kuliko yeyote katika Kanisa la Magharibi aliiweka juu ya kazi ya upanga.

Sasa nije kwa Waamaleki. Ndugu yetu amefungua Biblia kwenye 1 Samweli 15 akaifunga hapohapo. Angeendelea mpaka 2 Wafalme 6. Pale jeshi la Shamu linaingizwa katikati ya Samaria likiwa halioni, limenaswa kabisa, na mfalme wa Israeli anauliza kwa haraka ya mtu mwenye hamu, na anauliza mara mbili: "Niwapige? Niwapige?" Elisha anamkataza. Anaagiza wawekewe chakula na maji, wale, wanywe, warudi kwa bwana wao. Mfalme anawaandalia karamu kubwa, na msimulizi anamaliza kwa kusema kwamba vikosi vya Shamu havikuja tena katika nchi ya Israeli. Isitoshe, mtu anayehubiri Amaleki katika Kivu lazima kwanza ajue kwamba jirani yake naye anahubiriwa. Kila kundi lenye silaha hapa kwetu lina mtu wa kuliombea, na kila mwombaji anajua kwa hakika Amaleki ni nani. Anayezungumza Kinyarwanda ni Amaleki kwa huyu, na huyu ni Amaleki kwa yule. Kristo aliposema mpendeni adui zenu hakuongeza kwamba adui ahesabiwe kwa lugha ya mama yake.

Juu ya hoja kwamba haki zingoje vita viishe, Kanisa Katoliki lilikwisha kujibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Desemba 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa sasa, ulisema wazi kwamba vita kuwa vimekwisha kuanza hakufanyi kila kitu kiwe halali baina ya wapiganaji. Katekisimu ya mwaka 1992 ikalirudia, ikataja raia wasiopigana, askari waliojeruhiwa na wafungwa, ikasema kwamba utii wa upofu kwa amri haumwondolei mtu hatia. Sina la kuongeza hapo.

Lile la kusema kuwa haki za binadamu ni maneno ya Wazungu limeniumiza zaidi, kwa sababu linawafuta watu ambao walisimama katika ardhi hii hii. Mwaka 1899, katika Kasai, William Sheppard, mmisionari wa Kipresbiteri, Mmarekani mweusi, alitumwa na misheni yake kuchunguza mauaji yaliyofanywa na wapiganaji wa Zappo Zap, waliokuwa wakikusanya kodi kwa niaba ya Dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Aliingia mpaka ndani ya kambi yao. Akaonyeshwa mikono ya kulia ya watu, imekatwa, inakaushwa juu ya moto ili ihesabiwe na wakubwa. Akaihesabu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa 81. Baadaye aliandika juu ya mateso ya Wakuba mikononi mwa kampuni ya mpira, kampuni ikamshtaki kwa kuichafua jina, na mwaka 1909 mahakama ya Léopoldville ikamwachilia. Mtu huyo hakuwa na Tangazo la Umoja wa Mataifa mfukoni, kwa kuwa lilikuwa bado miaka karibu hamsini mbele. Alikuwa na Biblia, na humo alikuwa amesoma kwamba Mungu alimuuliza Kaini: ndugu yako yuko wapi? Sauti ya damu ya ndugu yako inanilia kutoka katika ardhi. Kama hilo si haki ya mtu, sijui ni nini.

Na hapa Bukavu hatuna haja ya kwenda Kasai. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mzee kama tulivyomwita, alikabidhiwa jimbo letu mwaka 1994, mwaka uleule wakimbizi Wahutu wa Rwanda walipovuka Ruzizi kwa malaki. Miongoni mwao walikuwamo wauaji. Hilo lilijulikana, naye alilijua. Walikuwamo pia wazee, na watoto wenye kipindupindu, na wanawake ambao hawakumgusa mtu. Aliwatetea kwa sababu ni watu. Na hakuwanyamazia askari wa Zaire walipowapora raia. Mtu anayewatetea watu namna hiyo hapati rafiki katika jeshi lolote. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa Nyawera, katikati ya mji, na mwili wake ukalala barabarani mpaka siku ya pili. Nimepita hapo Nyawera mara nyingi, na kila nikipita najiuliza ni nani kati yetu, akiwa ameamriwa aseme maiti ile ni ya upande gani, angeweza kujibu. Limebaki neno lake ambalo watu wa hapa wanalijua kwa moyo, kwamba yapo mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyolia.

Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alituandikia ujumbe wa Noeli ya 1999. Alisema kwamba nguvu za kigeni, zikishirikiana na baadhi ya ndugu zetu Wakongomani, zilikuwa zikiendesha vita kwa mali ya nchi yetu wenyewe. Hapo wote tulipiga makofi. Lakini katika ujumbe uleule alitugeukia na sisi, akasema kwamba maadili yameporomoka kiasi kwamba wako wananchi wenzetu wasiosita kumtoa ndugu yao kwa noti ya dola kumi au ishirini. Hapo makofi yalipungua, nakumbuka vizuri. Februari 2000 wenye kuushika mji wakamfukuza, wakampeleka Butembo. Waamini wa jimbo wakapinga kwa amani, miezi ikapita, akarudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafa Roma. Ninawataja hawa wawili kwa sababu ndugu yetu anafikiri kuna njia mbili tu, yaani kubariki vita au kunyamaza. Hawakubariki wala hawakunyamaza, na wote wawili walimkemea mvamizi bila kumgeuza jirani kuwa nyama ya kuwindwa.

Tumeona pia Kanisa likishindwa. Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, mwaka 1994, watu walikimbilia makanisa ya Ntarama na Nyamata wakiamini kwamba hakuna atakayemwaga damu mbele ya altare, wakauawa humohumo. Katika Nyange kanisa lilibomolewa kwa tingatinga juu ya waliokuwa ndani, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya kimataifa ya Arusha. Waliobatizwa waliua waliobatizwa. Na kabla ya panga kuinuliwa, kulikuwa na miaka ya watu wema waliosikia jirani akiitwa mende, wakaona kwamba si kazi yao kusema lolote, au kwamba wakati haujafika.

Ndugu Mhariri, sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu, nalo si la vitabu.

Mwaka jana, baada ya mji kuchukuliwa, nilikuwa nyumbani nikipokea nia za Misa za shirika letu. Nina daftari la mistari, lenye jalada la buluu, ambamo naandika jina la marehemu, jina la anayeomba, na sadaka. Mama mmoja wa avenyu yetu alikuja kumwombea mwanawe, askari wa taifa, aliyeanguka pande za Nyabibwe. Nikaandika. Nilimpa kiti, tukasali kidogo, nikamsindikiza mpaka barabarani. Siku mbili baadaye akaja mama mwingine wa avenyu ileile, mjane, anayeuza ndizi. Kijana wake alichukuliwa katika msako, akapelekwa mafunzoni, na habari iliyorudi ilikuwa ya kifo chake, akiwa amevaa sare ya upande ule. Hakuna aliyekuwa na uhakika kama alilazimishwa mpaka mwisho au kama moyo wake uligeuka njiani. Mama alikuwa ameliandika jina kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa kutoka daftari la shule, na ndani yake amekunja noti ya faranga 5,000 mara nne, ikawa ndogo kama ukucha.

Nilisoma jina. Nikamwambia: "Mama, jina hili tukilisoma kanisani litaleta maneno." Hakubisha. Akauliza kama anaweza basi kuombea wafu wote kwa jumla, nikamwambia hiyo inawezekana, nikaandika "wafu wote". Aliinua ile karatasi mezani, akaikunja tena kwenye mikunjo yake ileile, akaitia ndani ya kitambaa alichofunga kiunoni, akashukuru, akaenda. Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Hakuna padri aliyeniagiza, wala mtu yeyote aliyenitisha. Miaka yote nimefundisha watoto kwamba Mungu hana upendeleo, na siku ilipofika ya mimi kulishika hilo kwa kalamu, nilipendelea.

Ndiyo maana sikuweza kuiacha barua ya ndugu yetu ipite. Anachokisema yeye gazetini ndicho nilichokitenda mezani. Nilimwambia mama yule kwamba ubinadamu wa mwanawe ungoje vita viishe.

Baada ya siku hiyo nilirudi katika kisa ambacho huwa hakisomwi Jumapili. Katika 2 Samweli 21, wana saba wa nyumba ya Sauli, nyumba iliyoshindwa, wanatolewa na kutundikwa mlimani. Rispa, binti Aya, mama wa wawili kati yao, anatandika gunia juu ya mwamba na kukaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua inyeshe, akiwafukuza ndege mchana na wanyama wa mwituni usiku. Hakuwalilia wanawe wawili tu. Aliwalinda wote saba. Daudi, mfalme aliyewatoa, anapoambiwa alichokifanya mwanamke huyo, anakwenda kuichukua mifupa ya Sauli na Yonathani, na mifupa ya waliotundikwa inakusanywa, na wanazikwa kwa heshima. Na ni baada ya hapo, si kabla, ndipo Biblia inasema Mungu alikubali kuombwa kwa ajili ya nchi. Sisi tunaombea nchi kila siku. Tumefunga, tumekesha, tumepanda milima kwa magoti. Na bado tuna wafu ambao hatutaki kuwataja.

Kwa hiyo ninaleta ombi, na nalileta kwa heshima kwa mapadri wetu, wachungaji, tume za Haki na Amani za parokia na viongozi wa mashirika. Tarehe 2 Novemba, siku ya Marehemu Wote, na katika makanisa mengine siku watakayoichagua, yasomwe majina ya wote waliouawa katika vita hivi ambao familia zao zitawaleta: askari wa taifa, Wazalendo wanaopigana upande wao, raia wa Goma na wa Bukavu, Wanyamulenge, yaani Watutsi Wakongomani wa nyanda za juu, vijana waliokufa wamevaa sare ya M23, na waliochinjwa na waasi wa ADF pande za Beni na Ituri, kama wale waliovamiwa katika mkesha wa sala pale Komanda, Julai 2025. Yasomwe kwa mpangilio wa herufi, bila cheo, bila kabila, bila kueleza alikufa akipigania nini. Hilo halimwondolei mwenye kosa hukumu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya uhalifu katika nchi yetu kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na wengi wa waliotajwa humo bado hawajaona hakimu, nataka wamwone. Daktari Denis Mukwege, ambaye wagonjwa wake waliuawa vitandani Lemera mnamo Oktoba 1996, amelidai hilo mpaka jukwaa la Nobel mwaka 2018, naye ni mchungaji. Kumshtaki muuaji na kumzika maiti ni kazi mbili ambazo Kanisa lina uwezo wa kuzifanya kwa pamoja.

Najua itakavyokuwa vigumu. Najua kuna mama atakayetoka nje ya kanisa akisikia jina fulani, na sitamlaumu; anaweza kuwa ni yule wa Nyabibwe. Najua pia kwamba katika mji kama wetu, kusoma jina ni kuonyesha familia kwa kidole, na wenye silaha wana masikio. Hilo si jambo dogo, na viongozi wetu watahitaji hekima juu ya namna ya kulifanya. Pengine majina ya ubatizo peke yake yatatosha, kwa kuwa ndiyo Mungu aliyotuitia kisimani.

Wazo hilo si langu. Juma lililopita nilikwenda kwa yule mjane. Nilimkuta ameketi mlangoni, anapanga ndizi zake katika beseni, zilizoiva upande huu, mbichi upande ule. Nilimwambia kwamba nilimkosea mbele ya Mungu na kwamba nimekuja na daftari. Alikaa kimya kwa muda mrefu, mikono yake ikiendelea na kazi. Kisha akasema: "Mwalimu, andika la ubatizo tu. La ukoo liache, nina wadogo zake hapa ndani." Akaenda chumbani kuitafuta ile karatasi, akarudi nayo, imechakaa kwenye mikunjo lakini inasomeka. Nimeliandika jina katika ukurasa uleule, chini ya mstari wa yule kijana mwingine, kwa kuwa nafasi ilikuwepo.

Jina langu na anwani yangu umevipata pamoja na barua hii. Kwa sababu ambazo wewe na wasomaji wako mnazielewa, naomba usivichapishe.

Wako katika Kristo,

Mwalimu mstaafu,
Kadutu, Bukavu